Simu Isiyomhusu Fundi Yunusi

Fundi Yunusi wa Kitangari alikuwa mtu wa sauti ndogo. Wateja wake walizoea kuinama juu ya cherehani ili wasikie anachowaambia, ingawa mara nyingi alichowaambia kilikuwa neno moja tu, "Jumamosi." Mkewe, Pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Shakila, alipenda kusimulia kwamba siku Yunusi alipofika kwao kujitambulisha, shangazi yake alimletea maji ya kunywa mara tatu, akidhani ndicho anachoomba.

Ushonaji alijifunza Masasi mjini kwa mjomba wake, katika miaka ambayo kitambaa kilipatikana kwa foleni na kila karani wa chama cha ushirika alitaka kaunda suti. Akarudi Kitangari na cherehani ya miguu, akaiweka barazani kwake, na kwa muda mrefu hapakuwa na mtoto wa shule katika vijiji vile aliyekalia dawati bila kukalia pia mshono wa Yunusi. Kisha ikaja biashara huria. Milango ikafunguliwa, na kupitia milango hiyo yakaingia marobota ya mitumba, nguo ambazo watu waliziita kafa Ulaya, na haikupita miaka mingi karani yule yule wa ushirika akawa anavaa koti la Mjerumani mwenye mabega mapana kuliko mlango wa ofisi. Mafundi wenzake Yunusi walifunga cherehani zao wakaenda kupalilia mikorosho. Yeye hakulalamika. Alianza kazi ya kupunguza mabega.

Alikuwa pia mtu wa adabu kupita kiasi. Akipiga hodi na asiitikiwe, alikaa chini nje akangoja mpaka mwenye nyumba atoke kwa shughuli zake nyingine. Akikuta watu wawili wanazungumza njiani, alianza kukohoa tangu mbali ili wapate nafasi ya kubadili mazungumzo. Mtu wa namna hiyo ni rahisi kuelewa kwa nini simu za mkononi zilimsumbua.

Zilipoanza kushika Masasi, na baadaye kwa kubahatisha kule juu uwandani, Newala na Kitangari, zilimkuta na miaka hamsini na minne, na mara mbili zikamwaibisha ndani ya basi. Mara ya kwanza, kijana aliyekaa jirani yake alisema kwa bashasha, "Shikamoo mzee wangu, za siku nyingi?" Yunusi akaitikia marahaba, akasema za siku nyingi ni nzuri, akaulizia na hali ya wazazi. Kijana akageuza uso, na hapo ndipo Yunusi alipokiona kile kidude cheusi kwenye sikio lake la upande wa pili. Abiria walicheka mpaka Nagaga.

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ilitokea kwa mtu anayemjua. Dorika, yaani Mama Silvesta, alikuwa mchuuzi wa mitumba wa pale pale Kitangari, na ndiye aliyemletea Yunusi makoti ya kupunguza. Alikuwa mmoja wa watu wa kwanza uwandani kuwa na simu, na aliivaa shingoni ndani ya kifuko cha ngozi. Sauti yake ilikuwa imekomazwa na mteremko. Alipokuwa msichana alishuka kila siku kuteka maji bondeni, na wasichana wa bondeni na wale wa juu waliitana kwa nusu saa nzima bila kuonana. Kwa hiyo alipopata simu, kwake ilikuwa kitu cha kushika tu. Sauti ingefika yenyewe. Siku hiyo ndani ya basi alikuwa akimwuliza mtu habari za mgonjwa, na Yunusi, kwa huruma, akainama kutoka kiti cha nyuma akasema pole. Mama Silvesta akaiziba simu kwa kiganja.

"Baba Shakila," alisema, "haya ni mazungumzo ya simu. Wewe hayakuhusu."

Hakusema kwa ubaya, lakini alisema kwa sauti yake. Yunusi aliliwaza neno hilo kwa wiki mbili juu ya cherehani, na mwisho akajiwekea sheria. Neno la kwenye simu lina mwenyewe. Mtu mstaarabu akilisikia, na afanye kama hakulisikia, hata kama limepigwa kelele ndani ya sikio lake. Alimweleza mkewe sheria hiyo.

"Na wakisema kwenye simu kwamba basi linaungua?" Pili alimwuliza.

"Wakiniambia mimi, nitashuka."

Sasa, mwezi wa kumi wa mwaka 2003, Ramadhani ikiwa wiki mbili mbele, Yunusi alikwenda Masasi kununua bafta ya kushonea kanzu za Idd. Alilala kwa dada yake, Mwanakombo, na asubuhi akapanda basi linalopitia Newala kwenda kulala Kitangari. Korosho zilikuwa zimeanza kuuzwa, na watu wa uwandani wakishika fedha ya korosho hununua magodoro. Keria ilikuwa imejaa. Konda, Hamidu, aliyekuwa na siku nne tu kwenye kazi hiyo, alipanga magodoro tisa ndani ya basi, kiti cha mwisho kikabaki nyuma ya ukuta wa sponji. Yunusi alipomwona Mama Silvesta anapanda kwa mlango wa mbele na kifuko chake shingoni, alilikumbatia jora lake la bafta akapenya nyuma ya magodoro. Huko alimkuta mama mmoja wa Lukuledi, Magdalena, anayekwenda Newala kumwona binti yake aliyejifungua. Hawakuwa wanajuana. Walisalimiana, na Yunusi akafumba macho, akiwa na hakika amepata mahali pa amani kuliko pote ndani ya basi lile.

Bondeni mtandao haukuwepo, na hakuna simu iliyolia. Basi lilipoanza kupanda mlima, simu ya Mama Silvesta ikalia.

Aliyepiga alikuwa Ashraf, mwenye duka wa Kitangari. Ashraf alikuwa na simu ya biashara iliyotundikwa juu ya mwanzi ili ipate mtandao, na kwa kuwa vocha ilikuwa yake, aliongea kama anayeandika telegramu. Mtandao wa pale mlimani nao ulikuwa na tabia ya kula mwanzo wa kila neno.

"Haloo," alisema Mama Silvesta, na hata magodoro yalisikia. "Nani? Ashraf. Sema, Ashraf. Yunusi? Fundi Yunusi amefanyaje?" Akanyamaza. "Amekufa? Yunusi amekufa? Tununue nini? Sanda?" Simu ikakatika.

Alisimama, akashika nguzo, akawageukia abiria. Akawaambia kwamba fundi Yunusi wa Kitangari, mshona nguo, mume wa Pili, amefariki dunia, na ndugu wameomba wanunue sanda.

Dereva, Dadi, alizima kaseti. Waislamu wakasema innalillahi, Wakristo wakavua kofia. Kule nyuma Yunusi alifumbua macho. Kwanza alidhani yuko Yunusi mwingine, lakini mshona nguo wa Kitangari mwenye mke aitwaye Pili hakuwepo zaidi ya yeye. Alijishika kifua, akahisi kinapiga kama kawaida. Akafungua mdomo aseme, na hapo hapo akakumbuka kwamba habari hiyo imetoka kwenye simu ya Mama Silvesta. Hakuna aliyemwambia yeye. Alifikiri kidogo, akaona njia ya heshima ni kukohoa. Akakohoa mara mbili. Magdalena akampa maji.

"Ulimfahamu marehemu?" mama huyo alimwuliza kwa upole.

"Kwa kiasi," alisema Yunusi, ambaye hakupenda kusema uongo.

Mbele, watu walianza kumwongelea marehemu, kama ilivyo desturi. Mwalimu Ladislaus, mstaafu aliyewahi kufundisha shule ya Chidya na sasa mwenye shamba lake karibu na Kitangari, alisimama akasema kwamba Yunusi alikuwa mtu mpole, mkweli, asiye na makuu.

"Mwezi wa tano nilimpa kitambaa cha kaunda suti," aliendelea. "Alisema nikachukue Jumamosi."

"Jumamosi ipi?" mtu aliuliza.

"Hilo ndilo sikumwuliza."

Mama mmoja aitwaye Julia alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Gauni la kipaimara la binti yangu liko pale," alisema. "Aliniambia limebaki kola tu."

Yunusi aliinamisha kichwa. Gauni la binti wa Julia lilikuwa halijakatwa. Kitambaa chenyewe, alichokikumbuka vizuri, chenye maua madogo ya samawati, kilikuwa chini kabisa ya rafu, na juu yake kulikuwa na vitambaa vya watu wanane. Wengine nao walijitokeza. Mmoja alikuwa na suruali mbili. Mmoja alikuwa na shela ya harusi ambayo ilikwisha kufungwa, bibi harusi akiwa amevaa nguo ya kuazima. Kila mmoja alianza kwa kumsifu marehemu na akaishia na kipimo cha kitambaa chake, na ikawa vigumu kujua anayelia analilia nini. Yunusi aliyasikia yote bila kujua kama anaruhusiwa kuyasikia, maana watu wale hawakuwa kwenye simu, na sheria yake haikueleza la kufanya kwa maneno ambayo si ya simu lakini yamezaliwa na simu.

Kwenye kona ya kwanza mtandao ulirudi kidogo, na Mama Silvesta akautumia kumpigia Sophia, mwenzake wa mitumba wa Newala, na jirani mmoja wa Kitangari. Kisha likaja suala la sanda. Masasi ilikuwa imekwisha kuachwa nyuma.

"Kuna mzee kule nyuma ana jora la bafta," alisema Hamidu, konda. "Nilimsaidia kulipakia."

Akaja mpaka kwenye magodoro, akaingiza kichwa. "Shikamoo mzee. Kuna msiba, watu wanaomba bafta ya sanda. Unaweza kuwasaidia?"

Yunusi alilitazama jora. Kumnyima maiti sanda ni jambo ambalo hajawahi kumsikia mtu akilifanya, na kumnyima kwa sababu maiti ni yeye mwenyewe kulimtia aibu zaidi. "Marahaba," alisema. "Chukueni."

"Kata mita tano," Mama Silvesta aliita kutoka mbele. "Marehemu alikuwa mfupi."

Yunusi alihisi moto masikioni. Hakuwa mfupi. Alikuwa anakaa kwenye cherehani muda mwingi, na watu wanaomwona amekaa hudhani ndivyo alivyo. "Waambie saba," alimnong'oneza Hamidu.

"Mzee anasema saba."

"Saba za nini? Anamjua marehemu?"

"Anasema kwa kiasi," alijibu Magdalena kwa niaba yake.

Hamidu alitoa kisu cha kumenyea machungwa akataka kuipasua bafta. Hilo Yunusi hakuliweza. Alitoa mkasi wake mfukoni, akaikunjua bafta juu ya godoro, akapima kwa mkono kutoka bega mpaka ncha ya kidole, kama alivyowapimia wengine mara nyingi, akakata mkato ulionyooka. Alipomaliza, aliitazama ile nguo nyeupe na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaogopa. Kitu fulani kilimwambia kwamba huenda yeye ndiye hajapata habari. Mtu wa sauti ndogo kama yeye, anayepita bila kusikika, angejuaje? Alimgusa Magdalena kidogo kwenye kiwiko.

"Mama, samahani. Unaniona?"

"Nakuona, baba," alisema Magdalena. "Msiba unachanganya. Kunywa maji."

Walikuwa karibu kufika juu simu ilipolia tena. Safari hii alikuwa Pili mwenyewe, amekwenda dukani kwa Ashraf kuhakikisha kwamba ujumbe umefika. Mama Silvesta alikuwa na mazoea ya kurudia kila anachoambiwa ili mwenzake ajue amesikia, na leo aliona ni haki ya abiria pia.

"Mama Shakila, pole. Pole sana mwenzangu, jikaze." Akawageukia watu. "Anashukuru. Alianza lini? Tangu Jumanne. Alikuwa anakwama, anaruka, anakwama tena."

"Presha hiyo," alisema Julia.

"Mkamfanyaje? Mkamtia mafuta. Mafuta gani? Ya taa?" Abiria waliguna. "Akatulia. Halafu leo asubuhi, ulipokuwa unamkanyaga..." Mama Silvesta alisita, akaibadilisha simu sikio. "Rudia, Mama Shakila. Ulikuwa unamkanyaga?"

Dadi alipunguza mwendo.

"Anasema alikuwa anamkanyaga," Mama Silvesta aliwaambia abiria, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, "anamkanyaga taratibu kama siku zote, akalia kaa, akakatika. Na yuko wapi sasa? Pale pale barazani. Umemfunika gunia."

"Hii ni kesi ya polisi," alisema Mwalimu Ladislaus.

Nyuma ya magodoro, Yunusi alikuwa amesimama. Jumanne ni yeye mwenyewe aliyeitia cherehani mafuta ya taa. Ni yeye aliyesikia mruko wake na kujiambia kwamba itavumilia mpaka Idd. Alijua mlio wa kaa ni mlio wa kitu gani. Sasa aliyaelewa yote. Cherehani imekufa. Haikuwa sanda waliyoombwa kununua, ilikuwa shafti, kile chuma cha ndani kinachozunguka, na huyo aliyetumwa kununua ni yeye, na aliyetakiwa kumpa ujumbe ni Mama Silvesta. Simu ile tangu mwanzo ilikuwa ya kwake.

Kujua kwamba yu hai hakukumfariji kama alivyotegemea. Ile cherehani alikuwa nayo miaka ishirini na sita. Machozi yakamtoka hivi hivi, na Magdalena akamkandakanda mgongo akimwambia kwamba kila mmoja ana siku yake. Yunusi alijifuta uso kwa kipande cha bafta, akaivaa vizuri kofia yake, akamwita konda.

"Kijana, nenda kwa yule mama mwenye simu. Mwambie, kwa heshima zote, naomba radhi kuingilia simu isiyonihusu. Mwambie marehemu anaomba kuongea na mkewe, kama nafasi ipo."

Hamidu alimtazama. Lakini alikuwa mgeni kazini, na mwenye basi alikuwa amemwonya kuhusu kubishana na abiria. Alitembea hadi mbele akaufikisha ujumbe neno kwa neno, pamoja na zile heshima zote.

"Marehemu yupi?" aliuliza Mama Silvesta.

"Yule wa nyuma."

Watu waligeuka. Juu ya ukuta wa magodoro kilitokea kichwa cha fundi Yunusi, na kofia yake, na macho mekundu. Hakuna aliyepiga kelele. Dadi alifunga breki, mtu mmoja karibu na mlango akashuka bila kuaga, na Mwalimu Ladislaus akakaa chini polepole. Mama Silvesta, bila kuondoa macho yake pale, alimpa simu aliye nyuma yake, naye akampa mwingine, ikapita mkono kwa mkono mpaka juu ya magodoro.

Yunusi aliipokea kwa mikono miwili. Hakuwahi kushika simu. "Hodi," alisema.

Pili hakusikia kitu. "Haloo, Mama Silvesta," aliita huko, "umepotea."

"Ni mimi," alisema Yunusi kwa sauti yake.

"Hakusikii," abiria walimwambia. "Paza sauti, Baba Shakila."

"Ni mimi."

"Zaidi."

"Jamani, tunyamaze," alisema Mwalimu Ladislaus, akisimama tena na kunyoosha mkono kama yuko darasani. "Mtu anaongea na simu."

Basi likawa kimya. Hata kuku waliokuwa chini ya viti walinyamaza. Yunusi alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwa jinsi yeyote pale alivyojua, alipiga kelele.

"Pili, ni shafti?"

"Ndiyo, shafti," ilijibu simu. "Ashraf hakukuambia? Umeshainunua?"

"Bado. Nilikuwa nimekufa."

Mtandao ukala jibu la Pili, na simu ikazimika.

Kilichofuata ni maneno mengi. Watu wengine walicheka, wengine walikasirika, na waliokasirika walikuwa ndio waliolia zaidi. "Baba Shakila," alisema Julia, "tumekulilia kutoka kule bondeni mpaka huku juu, na wewe upo unatusikia?"

"Nisameheni," alisema Yunusi. "Sikupenda kuwakatiza."

Mama Silvesta alikuwa amekuja mpaka kwenye magodoro, jasho linamtoka. "Kwa nini hukusema ulipo?"

"Uliniambia mazungumzo ya simu hayanihusu."

"Hiyo ilikuwa mwaka jana, Baba Shakila."

"Hukuniambia yameanza kunihusu lini."

Mama Silvesta hakupata jibu, jambo ambalo abiria wa basi lile walikuja kulikumbuka kuliko msiba wenyewe. Alichukua simu yake ili awapigie tena wale aliowapa habari, lakini vocha ilikuwa imekwisha, na mwingine mwenye vocha hakuwepo. Kwa hiyo habari ya kifo iliendelea na safari yake mbele yao. Walipofika Newala, Sophia alikuwa stendi na kanga nyeusi na mfuko wa mchele, na Yunusi alilazimika kushuka akampokea mchele wake na kumshukuru.

Kitangari hali ilikuwa kubwa zaidi. Watu karibu themanini walikuwa wamejaa uani, moto umewashwa, sufuria mbili za kuazima ziko jikoni, na Pili amekaa katikati ya wanawake akiwa na uso wa mtu anayejaribu kuelewa kwa nini mji mzima umeipenda cherehani kiasi kile. Kila mmoja aliyefika alimwambia pole, naye alishukuru, akasema ni kweli ilikuwa ya siku nyingi, wakajua anasema hivyo kwa majonzi. Kwenye baraza, wanaume watatu walikuwa wanapangua rafu ya vitambaa bila kelele, kila mmoja akitafuta cha kwake.

Yunusi aliingia uani, akapiga hodi. Watu waliokuwa karibu na lango waliruka pembeni. Wengine walimshika, wakamgeuza, wakamwambia alhamdulillahi. Bibi mmoja mzee, jirani wa tangu zamani, alikataa kumpa mkono mpaka amsikie akiongea. Yunusi akamwambia yu mzima wa afya. Bibi hakusikia kitu, na shaka yake ikazidi.

Chakula kilikuwa kimekwisha kupikwa, na hakuna aliyeona sababu ya kukimwaga. Walikula wali na kunde, na ming'oko, mizizi ya porini, iliyochemshwa, wakaongea, wakacheka. Yunusi alikwenda barazani akawapokonya wanaume watatu vitambaa vyao kwa upole, kimoja kimoja, akivirudisha kwenye rafu. Akamtafuta Julia kwa macho, akamwambia gauni la kipaimara litakuwa tayari Jumamosi.

"Jumamosi ipi?" aliuliza Mwalimu Ladislaus, ambaye tangu basi alikuwa hambanduki. Yunusi alimtajia tarehe, ya gauni na ya kaunda suti pia. Ilikuwa mara ya kwanza watu kusikia tarehe kutoka kwake.

Baada ya watu kuondoka, alilifunua gunia akaitazama cherehani. Pili alikuja akakaa kwenye kigoda pembeni yake.

"Ukweli nilishangaa," alisema. "Mama Silvesta ananiambia jikaze, jikaze. Nikajiuliza, kumbe ni mtu mwema hivi?"

"Ni mwema," alisema Yunusi. "Alitaka kunifanyia mita tano."

Wiki iliyofuata Mama Silvesta alikwenda Masasi kuchukua robota, akarudi na shafti, akaiweka juu ya meza ya fundi bila kusema neno, akaondoka. Yunusi aliifunga mwenyewe. Cherehani ikafanya kazi, ingawa tangu hapo ilikuwa na mlio mdogo ambao hakuwahi kuufahamu. Kaunda suti ya Mwalimu Ladislaus ilitoka tarehe ile ile iliyotajwa, na mkono mmoja ulikuwa mrefu kidogo.

Ramadhani ilipokwisha, Yunusi alipanda tena basi lile kwenda Newala. Juu ya kichwa cha dereva palikuwa pameandikwa kwa rangi nyekundu, kwa mwandiko wa Hamidu: SIMU ZA MISIBA ZIPOKELEWE NJE YA GARI. Yunusi alilisoma tangazo hilo mara mbili akaliona ni la haki. Safari hii hakwenda nyuma. Alikaa kiti cha katikati, dirishani.

Hawajafika mbali, simu ya mnunuzi mmoja wa korosho ikalia. Yule bwana akasikiliza, uso ukambadilika, akainua mkono. Dadi akasimamisha gari. Mnunuzi akashuka, akasogea hatua chache chini ya mikorosho, akaanza kuongea akiwa amewapa mgongo. Mara moja abiria wa upande wa kulia wakahamia upande wa kushoto, basi likainama, vioo vikafunguliwa vyote. Kwa mbali zilisikika sehemu sehemu tu, jina la mtu, kisha Mtama, kisha kitu kama hospitali.

Yunusi alitoa kichwa dirishani, akaishika kofia isianguke, akatega sikio. Upepo ulikuwa unavuma kwenda upande mwingine. Alimgeukia aliyekaa naye.

"Amesema nani?" alimwuliza.